Unyevu wa tangi chini ya nyumba

Ni dhahiri kwamba tangi lililojengwa chini ya sakafu huyahifadhi maji ya mvua yasipate joto, walakini sisi tukaao Babati, jirani na ziwa, twajua kwamba unyevu hautoki tangini peke yake, kwa kuwa masika yakishakolea maji ya ardhini hupanda, yakausukuma ukuta kwa nje, na tangi likiwa tupu yakaweza hata kuliinua. Kwa hiyo mfereji wa kokoto kando ya ukuta ni faradhi kuliko lipu ya ndani. Juu ya kifuniko itandazwe nailoni nzito, maana mvuke ukipenya hugeuka matone chini ya sakafu na kuozesha mbao (zangu zilioza). Na sufi ya kuzuia joto, ikilowa, haina faida tena.