Kila Mtu na Ufunguo Wake



Fundi akitaka kutengeneza mashini, kwanza anafunga umeme kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Haazimi mtu. Lakini katika dispanseri moja nilimofanya kazi zamani, neno la siri la kompyuta lilikuwa moja kwa sisi wote, limeandikwa kwenye karatasi ukutani. Siku moja nilikuta dawa zimetolewa kwa jina langu, nami siku ile nilikuwa likizoni!

Leo kuna njia isiyo na neno la siri. Mwaka 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza pamoja kuikubali. Ufunguo unafichwa ndani ya simu au kifaa kidogo, nawe unaufungua kwa kidole au namba fupi. Alama ya kidole haitoki humo.

Mimi nasema, watu wote walazimishwe, shefu na kibarua. Neno la zamani likibaki hata kwa mmoja, mwizi atapita hapo. Lakini kwanza kila mtu apewe funguo mbili: simu hupotea, na vidole vilivyolika kwa mawe pengine havisomeki.

Ugonjwa wa mwenzako ni siri yake. Tuilinde.