Deni la Pembea

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, na aghalabu sisi wazazi huitumia methali hiyo tunapowadai watu wengine. Fundi akichelewesha nguo za sikukuu, twamkumbusha. Jirani asiporudisha fedha kwa tarehe aliyoitaja mwenyewe, twamkumbusha. Lakini ahadi tuliyompa mtoto wa miaka minane hatuiandiki katika daftari lolote, kwa kuwa twadhani mdai ni mdogo na atasahau. Jumapili hii napenda kuwasimulieni, ndugu wasomaji, jinsi nilivyodaiwa deni la namna hiyo nikiwa mzee, mbali na nyumbani, juu ya reli ya chuma.

Mwaka 2014 nilikwenda New York, Marekani, kumtazama binti yangu aliyekuwa akifanya kazi huko na kumlea mwanawe wa pekee. Kabla sijaondoka nyumbani, mjukuu wangu alizungumza nami kwa simu, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, akaniomba jambo moja tu. Alitaka nikifika tupande pamoja mashine mpya ya michezo iliyofunguliwa mwaka huo huo mahali paitwapo Coney Island. Nikamjibu, "Bila shaka, mjukuu wangu, tutapanda." Maneno ni mepesi sana yanaposemwa kwenye simu.

Coney Island ni pwani ya kusini kabisa ya Brooklyn. Kutoka Bronx, alikokaa binti yangu, tulipanda treni ya mji ikatupitisha chini ya ardhi na juu ya madaraja kwa muda wa zaidi ya saa nzima, hadi kituo cha mwisho. Treni hiyo hasa ndiyo iliyopafanya mahali pale pawe pa watu wa kazi. Ilipofika pwani mnamo mwaka 1920, nauli ilikuwa senti 5, na kwa senti hizo mshona nguo, mchukuzi wa bandarini na mfanyakazi wa kiwandani waliweza kuwapeleka watoto wao baharini siku ya mapumziko.

Na huko pwani hapakuwa na maji na mchanga peke yake. Ndiko alikojenga LaMarcus Thompson, mwaka 1884, reli fupi ya mbao yenye vilima, ambayo watu walilipa senti 5 ili wateremke juu yake kwa mwendo usiozidi sana ule wa mtu anayekimbia polepole. Baadaye palizuka viwanja vikubwa vitatu vya michezo: Steeplechase mwaka 1897, Luna Park mwaka 1903 na Dreamland mwaka 1904. Lakini hakuna lisilo na mwisho. Dreamland iliteketea kwa moto mwaka 1911, Luna Park ikaungua mwaka 1944, na Steeplechase ikafunga milango yake mwaka 1964. Miaka mingi ya uchakavu ikafuata, na mwezi Oktoba 2012 tufani iitwayo Sandy ikaleta maji ya bahari mpaka ndani ya maduka na mitambo.

Basi sisi tulipofika, tulikuta mahali panapofanana na bibi mzee aliyevaa kanga mpya juu ya gauni lililochanika. Huku palikuwa na taa za rangi na muziki. Kule palikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa waya, majani yameota ndani yake. Mnara mrefu wa miavuli, ulioacha kubeba watu tangu miaka ya 1960, ulisimama peke yake kama mnazi uliokatwa kichwa. Mashine ya mbao iitwayo Cyclone, iliyojengwa mwaka 1927, ilikuwa ingali ikinguruma, na kila kigari kilipoteremka mbao zake zililalamika. Kati ya hayo yote ndipo iliposimama hiyo mpya, rangi yake ya chungwa ikimeremeta.

Jina lake ni Thunderbolt, nalo ni jina la kurithi. Palikuwapo Thunderbolt nyingine karibu na hapo, iliyojengwa mwaka 1925. Chini ya vilima vyake palikuwa na nyumba, na watu waliishi humo, wakipika na kulala huku vigari vikipita juu ya dari yao. Ilisimama kufanya kazi mwaka 1982, ikaachwa iote magugu, kisha ikabomolewa mwaka 2000.

Mashine za aina hii wenyewe huziita rolakosta. Ni kigari kinachopita juu ya reli yenye milima, mabonde na mizunguko, ambacho hakina injini ndani yake. Mnyororo hukivuta hadi kilele cha kwanza na kukiachia. Kuanzia hapo uzito wake wenyewe ndio unaokiendesha hadi mwisho wa safari. Kwa sababu hiyo kilima cha kwanza sharti kiwe kirefu kuliko vyote, maana msuguano na upepo hukila mwendo kidogo kidogo. Katika Thunderbolt kilima hicho kina urefu wa meta 35, na kigari hakipandi kwa mteremko. Hupanda wima, kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani. Kisha huanguka wima vilevile, kwa kasi inayokaribia kilometa 90 kwa saa, na baadaye humgeuza abiria kichwa chini, miguu juu.

Nilisimama chini nikaitazama. Magoti yangu yakaanza kunisemesha.

Nikamwambia binti yangu kwa sauti ya mtu mwenye hekima, "Mama, nadhani nyinyi pandeni. Mimi nitashika mikoba. Isitoshe, mgongo wangu tangu juzi haujatulia."

Binti yangu hakukasirika. Alinitazama tu, akasema polepole, "Kama Idi ile, Baba?"

Hapo, ndugu msomaji, nilihisi kama kwamba nimekwisha kuanguka kutoka kileleni kabla sijapanda. Zamani, tulipokuwa tukikaa Unguja, nilimwahidi mtoto huyu kwamba sikukuu itakapofika nitampeleka Mnazi Mmoja akapande pembea. Mama yake alikuwa na kichanga, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Idi mosi nikasema nimechoka. Idi pili nikasema nimeitwa kazini. Idi tatu nikasema jua ni kali. Idi nne jioni nilimchukua, tukawakuta wenye pembea wanafungua kamba na kupakia mbao zao. Alirudi nyumbani na gauni lake jipya, mkononi ameshika senti zake za sikukuu, na wala hakulia. Mimi nikajipongeza moyoni kwa kupata mtoto msikivu. Kumbe alikuwa ameandika.

Nikaiweka mikoba katika kisanduku, nikajiunga katika foleni. Mjukuu wangu alipimwa kimo kwa kijiti, akafaulu, akaruka kwa furaha. Tulikaa safu moja: mtoto huku, mama yake huku, nami katikati kama mshitakiwa kati ya askari wawili. Vyuma vikatushuka mabegani. Kigari kikajongea, kikainua pua yake, na mara tukawa tumelala chali, tunatazama mbingu tupu, mnyororo ukigonga chini ya migongo yetu.

Safari ya kupanda ilionekana ndefu mno. Huko juu, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia wala kubadili mazungumzo, ulimi wangu ukafunguka. Nikamwambia binti yangu, "Idi ile sikuchoka, na kazini hawakuniita. Niliogopa. Tangu utotoni naogopa kwenda juu, na niliona haya kukuambia."

Akageuza uso. Nilitazamia aniambie kwamba amenisamehe. Badala yake aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Mbona hukusema, Baba? Ningepanda peke yangu!"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Dunia ilituachia.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa ufasaha. Nakumbuka bahari ikiwa mahali pa mbingu. Nakumbuka sauti ya mzee mmoja akipiga ukelele, na nilipokwisha kutulia nilitambua kwamba mzee huyo alikuwa mimi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa, na mpaka leo sijui ni nani aliyemshika mwenziwe kwanza. Tuliposhuka, mjukuu wangu alinikagua usoni, akauliza, "Babu, uliogopa?" Nikajibu, "Niliogopa sana." Akacheka, akasema, "Mimi pia," kisha akaomba turudie. Hatukurudia.

Katika treni ya kurudi Bronx nililitafakari lile jibu la binti yangu. Miaka yote hiyo nilidhani kwamba nilimnyima pembea kwa sababu nilikuwa mwoga. Sivyo. Uwoga si kosa. Kila mtu ana kilima chake asichoweza kukipanda. Nilimnyima kwa sababu niliuficha uwoga ndani ya neno "kazi", ambalo mtoto hawezi kubishana nalo. Laiti ningemwambia ukweli siku ya Idi mosi, angekwenda na watoto wa jirani, nami ningesimama chini nikimpungia mkono, na sote tungerudi nyumbani na furaha. Mtoto hakuhitaji baba shujaa. Alihitaji kuambiwa lililo kweli mapema, ili siku nne za sikukuu zisimpite akiwa anangoja mlangoni.

Wazazi wenzangu, tuyapime maneno yetu. Tusemapo "nimechoka", tuhakikishe kwamba tumechoka kweli. Fedha zikiwa hazipo, tuseme hazipo. Tukiogopa, tuseme twaogopa. Watoto huvumilia ukweli kuliko tunavyowadhania, lakini visingizio huviweka akiba, na akiba hiyo hulipwa na riba.

Mjukuu wangu sasa ni kijana mwenye ndevu. Kila anaponipigia simu huniuliza iwapo nitapanda naye tena. Nami humjibu bila haya kwamba sitapanda, naogopa. Lakini mikoba nitaishika.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni mapumziko mema pamoja na wenenu.