Akiba Haiozi, Thamani Huoza

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa Shirika la Reli waliokuwa Tororo walibaki wakijiuliza ni nani atakayewalipa haki zao za uzeeni. Jibu lilitolewa Arusha tarehe 14 Mei 1984, katika mkataba wa kugawana mali. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kisha kila serikali ikatwikwa mzigo wa kuwalipa raia wake. Kwa hiyo katika Busia, mji uliokatwa na mpaka, majirani wawili waliotumikia reli moja walipaswa kubisha milango miwili: huyu Kampala, yule Nairobi.

Hata aliyelipwa hakusalimika. Bei za vitu zilikuwa zimekwisha kupanda mno Uganda, na Mei 1987 ikatolewa shilingi mpya. Shilingi 100 za zamani zilihesabiwa kuwa 1, na serikali ikakata asilimia 30. Mzee aliyepeleka shilingi 10,000 alirudi nyumbani na shilingi 70.

Basi mtumishi asingoje kustaafu ndipo ajiandae. Barua ya kuajiriwa, hati za mishahara na cheti cha ndoa viwekwe pamoja, na mwenzi wake ajue vilipo, kwani mjane asiye na karatasi husumbuka sana. Kiinua mgongo nacho kisikae chote katika noti: shamba dogo au ng'ombe wa maziwa hafutiwi sifuri.