Tuache Kuhama Kama Wezi

Dar es Salaam kuna imani iliyoota mizizi kutoka Mbagala mpaka Tegeta: mambo ya kuhama hayasemwi. Umepata nyumba, umelipa kodi, lakini jirani uliyechota naye maji miaka yote asijue. Watoto wanaonywa wasifungue mdomo. Kirikuu inaitwa saa nne usiku, vyombo vinapakiwa kwa kunong'ona, na mtaa ukiamka unakuta chumba kitupu. Aliyefanya hivyo anasifiwa kuwa mwerevu: amewapiga chenga wenye kijicho.

Nasema imani hii ni potofu na inatuumiza. Kuhama kunataka maandalizi, na hakuna andalio la maana linalofanyika bila mtu fulani kuambiwa. Anayeapa kwamba hatamwambia mtu ameapa kuhama bila kujiandaa.

Anza na mwenye nyumba. Mjini hapa kodi ya pango hulipwa kwa mkupuo: miezi mitatu, sita, hata mwaka. Anayeondoka kimyakimya mwezi wa nne wa kodi ya miezi sita anaacha fedha ya miezi miwili, na hana mdomo wa kuidai. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa kipindi kwa kipindi, na inamtaka anayeuvunja atoe notisi isiyopungua kipindi chenyewe. Wapangaji wengi huiona notisi kama fimbo ya mwenye nyumba. Kumbe inamlinda mpangaji pia. Ukiiandika mapema na kubaki na nakala, una pa kusimama: mnakaa, mnahesabu kilichobaki, au unamtafuta mpangaji mwingine wa kushika nafasi yako akurudishie salio. Yote hayo yanataka wiki kadhaa na mazungumzo ya wazi. Usiku mmoja hautoshi.

Nyumba mpya nayo inataka kuulizwa, na anayeogopa kujulikana haulizi. Anategemea maneno ya dalali, na dalali anayesubiri ujira wake hana haraka ya kukwambia kwamba masika yakianza maji huingia mpaka sebuleni. Mama anayeuza vitumbua mlango wa pili atakwambia. Atakwambia maji ya bomba hutoka siku gani, choo kinajaa baada ya muda gani, mpangaji aliyetangulia aliondoka kwa nini. Muulize mwenye nyumba bili ya maji ya mwisho. Chukua namba ya mita ya LUKU uiulizie deni, maana tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba iliyokaa tupu miezi mingi inalimbikiza deni ambalo litakatwa kwenye umeme wa kwanza utakaonunua wewe. Huko unakotoka pia, umeme hubaki kwenye mita wala haufuati mtu. Ajuaye tarehe yake ya kuondoka hununua wa kumtosha tu.

Hayo ni ya fedha, na fedha hutafutwa tena. Linalonikera zaidi ni la watoto.

Mtoto wa shule hahami kama kabati. Uhamisho wake unapita kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka na wa shule anayokwenda, na kumbukumbu zake lazima zimfuate. Akiwa darasa la nne au la saba, ambako kuna mtihani wa taifa, usajili hufanyika mapema na kubadilisha kituo si jambo la kukurupuka. Mzazi anayehama kwa siri hana nafasi ya kufuata hatua hizo, kwa sababu kumwambia mwalimu ni kumwambia mtaa. Basi mtoto anaamka Gongo la Mboto wakati jina lake liko Manzese. Ama anapandishwa daladala mbili alfajiri, ama anakaa nyumbani "mpaka mambo yakae sawa". Na kabla ya hapo ameshafundishwa kuwadanganya rafiki zake, kisha amenyang'anywa nafasi ya kuwaaga. Tunadhani mtoto hasikii uchungu huo. Anausikia, ila hana wa kumwambia.

Tatizo hilo linawafikia wagonjwa pia. Mtu anayetumia dawa za kifua kikuu ana matibabu ya miezi sita asiyotakiwa kukatisha. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anazihitaji maisha yake yote. Hawa wana kadi na faili kwenye kliniki, na utaratibu wa kupewa barua ya uhamisho upo ili kituo kipya kiwapokee bila kuanza upya. Akitoweka, kliniki inamhesabu amepotea, na yeye anabaki kuhesabu vidonge vilivyosalia huku akiona haya kwenda mahali asipofahamika. Kumwambia muuguzi kwamba unahama si kuutangazia mtaa. Muuguzi amefungwa na siri ya mgonjwa. Hiyo ndiyo siri inayostahili heshima yetu, kwa sababu inamlinda mtu.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Watetezi wanasema giza linalinda mali. Mimi naona linamlinda mwizi. Mtaa uliozoea kwamba watu huhama usiku wa manane bila kuaga hauulizi swali ukiona gari linapakia friji saa saba. Watu watachungulia dirishani, watasema "kumbe fulani naye anahama", watalala. Mwizi akija na gari na vijana watatu atafunika kazi yake kwa desturi tuliyoitengeneza wenyewe. Na wewe mwenye mali halali ukikutana njiani na askari wa doria au ulinzi shirikishi, utaeleza nini? Mchana, kukiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayejua na barua yako ya utambulisho mkononi, huna la kueleza. Kabati halikwaruziki mlangoni kwa sababu unaona, na jirani anakushikia upande wa pili.

Najua hoja ya kijicho, na siidharau, kwa kuwa husda imetajwa katika dini zetu. Wapo wanaosimama hata kwenye Hijra: Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Makka kwa siri mwaka 622. Ni kweli, na alitoka hivyo kwa sababu kulikuwa na njama ya kumuua. Lakini masimulizi hayaishii hapo. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib awarudishie watu amana walizokuwa wameweka kwake, na miongoni mwao walikuwemo waliompinga. Katika hatari ya roho, bado haki za watu zilipangiwa mtu wa kuzitimiza. Sisi tunaohama kutoka Tandika kwenda Kigamboni, bila upanga wowote nyuma yetu, tunaondoka na daftari la Mangi wa dukani halijafutwa, na mchezo wa akina mama uko katikati: tumeshapokea, wenzetu hawajapokea. Huko si kujikinga na husda. Ni kula jasho la watu, na siri imekuwa kichaka chake.

Nakubali wapo wanaopaswa kuondoka kimya. Mwanamke anayemkimbia mume anayempiga hadaiwi kumuaga mtu, na asilaumiwe kwa usiku aliouchagua. Lakini hata yeye anahitaji wachache wanaojua: ndugu wa kumpokea, dawati la jinsia la polisi, mwalimu wa watoto. Siri yake ina sababu na ina mipaka. Ya kwetu wengine ni mazoea tu.

Wala sisemi upige picha funguo za nyumba mpya uziweke kwenye mitandao. Kati ya kutangaza na kutoroka kuna njia pana, nayo ndiyo ya mtu aliyejipanga. Mwezi mmoja au miwili kabla, au mapema zaidi kama kipindi chako cha upangaji ni kirefu, notisi iandikwe na shule iulizwe. Epuka Machi mpaka Mei kama unaweza, maana godoro likilowa juu ya kirikuu isiyo na turubai halitakauka kwa wiki. Wiki mbili kabla, pita kliniki, pita kwa mjumbe, maliza daftari la dukani, patana na wenzako wa mchezo. Wiki ya mwisho, gawa usivyovihitaji kwa majirani hao hao, kwa sababu kubeba kapu bovu na ndoo zilizopasuka ni kulipia gari bure. Patana bei ya gari na ya wapakiaji kabla hawajagusa kitu. Nyaraka, dawa na sare za shule ziwe kwenye begi lako mwenyewe. Fagia chumba, kabidhi ufunguo mkononi mwa mwenye nyumba, mkubaliane mbele ya shahidi kwamba hakuna deni.

Kisha aga. Kuaga ni uungwana ambao wazee wetu hawakuuona kuwa hatari, na jirani unayemuaga leo ndiye atakayekupigia simu kesho barua yako ikifika pale, au msiba ukitokea mtaa wa zamani. Kijicho chake, kama anacho, hakitamzuia mwanao kufanya mtihani wala hakitakukatizia dawa. Siri yako itafanya yote mawili. Ukiwa na safari ya kuhama mwezi ujao, mtu wa kwanza kumwambia ni mwenye nyumba, wa pili ni mwalimu mkuu. Waambie wiki hii.