Papasa Mapigo Kabla ya Kushika Mkasi

Jamani tunaorudi Pemba likizo hii, nina neno nanyi, hasa wenzangu wa kozi za afya.

Mwaka jana nilimkuta babu yangu kule Konde, wiki ya nne yuko kitandani. Ana sukari, na tumbaku kaivuta tangu ujana. Kisiginoni ana kidonda cha kulalia, juu yake kigaga cheusi, kikavu kama gome. Mie mwanafunzi wa mwaka wa pili nikakumbuka somo: nyama iliyokufa huondolewa ili kidonda kipone. Nikachukua mkasi. "Mjukuu wangu, kwani lazima?" akaniuliza. Nikamwambia lazima. Siku chache baadaye kidonda kilichimbika, kikanuka. Mwisho alivushwa Unguja, akakatwa mguu.

Somo halikuwa uongo, ila nililijua nusu. Vidonda hivi tumezoea kuviona kwa vijana waliovunjika mgongo kwa kuanguka mkarafuu. Kijana damu yake inafika. Ukimgeuza kila saa mbili na kumsafisha, nyama huota. Mzee ambaye ateri za miguu zimeziba, damu haimfiki vya kutosha. Ukibandua kigaga, nyama mpya haioti. Umewafungulia vijidudu mlango tu.

Kwa hiyo kigaga cha kisigino kikiwa kikavu, kimeshika, hakina usaha wala wekundu pembeni, kiacheni na kibaki kikavu. Wekeni mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Msikaze bendeji. Kikilainika, kikinuka, au homa ikiingia, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla ya yote, tafuteni mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Mkiyakosa, wekeni mkasi chini, mgonjwa apelekwe kupimwa presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 ya presha ya mkono, ateri zina tatizo. Kwa mwenye sukari kipimo hiki huweza kudanganya, basi hupimwa kidole gumba cha mguu.

Mtasema vijijini vipimo hivyo hakuna. Sawa, lakini vidole vya kupapasia mapigo kila mtu anavyo. Ninachodai ni kwamba mafunzo yetu ya vitendo yaanze na mapigo, mkasi ufuate. Na asiye wa afya naye awaambie wa nyumbani: kigaga kikavu cha mzee hakibanduliwi.