Kutoka Mlangoni Hadi Mezani

Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lina huduma iitwayo Faiba Mlangoni Kwako. Jina hilo limebeba ukweli ambao wengi wetu hatuutafakari: faiba hufika mlangoni. Safari inayobaki, ya kutoka mlangoni hadi kwenye meza anayosomea mtoto, huachiwa mwenye nyumba. Hoja yangu ni kwamba hatua hizo chache za mwisho ni suala la haki, kama zilivyo kilomita nyingi za mkongo.

Tangu waya wa SEACOM ulipowashwa Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010, mjadala wetu umehusu umbali mkubwa: bahari, mikoa, wilaya. Sheria ya mwaka 2006 ilituletea Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili vijiji visisahaulike. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, tumezoea kuhesabu nguzo, minara na nyumba zilizounganishwa, kisha tukaamini kwamba aliyeunganishwa amehudumiwa.

Chukua mfano wa boma la kawaida Kikatiti. Mbele ipo nyumba ya wazazi ya matofali ya saruji. Pembeni ipo ya kijana aliyeoa. Uani, nyuma ya jiko, kuna chumba cha wanafunzi. Faiba ikifika, ruta huwekwa sebuleni kando ya televisheni, kwa kuwa ndipo waya unapoingilia na ndipo baba anapokaa. Baba hutazama taarifa ya habari bila kukwama. Binti anayeandika tasnifu uani hununua bando la simu, ilhali ada ya mwezi imelipwa kwa fedha ya familia nzima. Mawimbi yamegawanywa kama madaraka yalivyogawanywa.

Wengi hukimbilia kununua kifurushi chenye kasi zaidi. Hilo ni sawa na kuongeza maji kwenye tangi wakati bomba la kuelekea jikoni limeziba. Ruta nyingi hutumia masafa mawili: gigahezi 2.4, yanayofika mbali lakini kwa kasi ndogo, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini hudhoofishwa haraka na kuta. Zege lenye nondo, bati, kioo cha kujitazamia na tangi la maji ni vizuizi vikubwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama kubwa: sogeza ruta katikati ya nyumba, iinue juu, iondoe nyuma ya televisheni. Kisha tembea chumba hadi chumba ukipima kasi kwa simu.

Pasipofikiwa bado, ndipo mfumo wa wavu, ambao wauzaji huuita meshi, unapofaa. Vifaa viwili au vitatu hupokezana mawimbi chini ya jina moja la mtandao, na simu huhama kutoka kimoja hadi kingine bila mtumiaji kuhangaika. Kosa linalorudiwa ni kuweka kifaa cha pili pale pale pasipo na mawimbi. Kifaa kisichopokea hakina cha kugawa. Kiweke katikati ya njia. Tena, kifaa kinachopokea na kurusha kwa redio ile ile hupoteza takriban nusu ya kasi. Waya wa mtandao kati ya vifaa huondoa hasara hiyo, nao huweza kufika mita 100. Kati ya nyumba na nyumba, ambako radi ni tishio, faiba iliyofukiwa ndani ya bomba la plastiki ni salama zaidi, kwa kuwa haipitishi umeme.

Nitaambiwa kwamba haya ni mazungumzo ya walio nacho, na kwamba jirani asiye na faiba kabisa ndiye wa kutetewa kwanza. Pingamizi hilo lina uzito, na sidai fedha ya mkongo igeuzwe kununulia meshi. Lakini tazama majengo ya umma. Katika ofisi ngapi intaneti hushika vizuri chumbani kwa mkuu, huku karani wa mapokezi akihudumia wananchi kwa bando lake? Katika mabweni mangapi mwanafunzi hukaa ngazini usiku kwa sababu ndipo mawimbi yalipo? Huko fedha ya umma imekwishatumika, na manufaa yameishia ukutani.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, halmashauri zinapopitisha ramani za majengo, zidai mabomba ya kupitishia nyaya za mawasiliano ndani ya kuta, kama tunavyofanya kwa umeme. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ndogo. Kubomoa ukuta baadaye ni ghali. Pili, mkataba wa kuunganisha jengo la umma usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka kasi ipimwe katika kila chumba cha kazi na cha kusomea, na vipimo vibandikwe ubaoni.

Nawe uliye na faiba nyumbani, leo usiku chukua simu yako uende ukapime katika chumba cha aliye mdogo kuliko wote. Kipimo cha hapo ndicho kipimo cha nyumba yako.