Tusilicheke swali la mwanafunzi

Hapa Mgololo, misindano huchemshwa kiwandani pamoja na dawa hadi inakuwa karatasi. Mtoto wa huku anaijua harufu ya kiwanda tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lakini akifika sekondari, kemia anaisoma kwa kunakili ubaoni. Akiuliza harufu ile inatoka wapi, huenda akaambiwa kwamba swali hilo halimo kwenye mtihani. Wala jibu haliko mbali: dawa inayolainisha mbao ina salfa ndani yake.

Mkoa wetu wa Iringa una kisa kinachotuhukumu katika jambo hili.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kisha kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba, naye akayaweka yangali ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Baadaye alikuja kusoma Mkwawa, mjini Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo, kila alipokosea, darasa lilimtania kwa maneno hayo. Wengi wetu tungenyamaza. Yeye aliingia maabara ya biolojia, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akapima mwenyewe.

Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaitembelea shule. Mpemba aliuliza swali lake mbele ya wote. Mgeni alitabasamu, akaomba arudie. Hakuwa na jibu, lakini aliahidi kwenda kulipima, na alitimiza ahadi. Mwaka 1969 makala yao wawili ilitoka katika jarida la Physics Education, na tukio lile sasa linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Yupo atakayesema kwamba jambo lenyewe bado lina ubishi. Ni kweli. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza waliandika kwamba vipimo vyao havikuonyesha tukio hilo. Kwetu sisi, hilo linaitia nguvu hoja yetu. Swali lililochekwa darasani limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 50.

Mchango mkubwa wa makala ile, kwa maoni yetu, uko katika ualimu. Jarida lenyewe ni la ufundishaji wa fizikia, na makala ilionya juu ya hatari ya kufundisha sayansi kwa amri. Mwalimu aliyesema "umechanganyikiwa" alikuwa na kanuni kitabuni. Osborne naye alikuwa nayo, ila alikubali kuipima.

Sisi waseminari tunahusika moja kwa moja. Baadhi yetu tutafundisha katika seminari ndogo na shule za parokia. Tunasoma kwamba Thomas wa Akwino aliitwa na wenzake ng'ombe bubu, na kwamba mwalimu wake, Alberto Mkuu, msimamizi wa wanasayansi, alikataa kumcheka. Tutakaposimama mbele ya darasa, tuwe na ujasiri wa kusema: "Sijui, hebu tupime." Si lazima kuwe na maabara kubwa. Sufuria mbili za maji, kifuniko kimoja na kipimajoto vinatosha kuanzia somo la joto.

Nanyi waamini, mtoto akiuliza jambo jikoni, msimwambie anyamaze kwa kuwa ni mdogo.

Mkwawa ya leo ni chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu. Tunaomba kila mwalimu anayetoka pale aje kwetu na kisa cha Mpemba moyoni, maana Mpemba mwingine huenda ameshakaa dawati la nyuma hapa Mgololo, akisita kunyoosha mkono.